Mkono wa Bi Pumzi

Kazini hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Bi Pumzi, maana ukiinamia meza yake na kuhema, anakufukuza kama kuku aliyeingia sebuleni. "Pumzi yako ina mvuke, mwanangu. Kahemee mlangoni."

Kazi yake ilikuwa kubandika nyaya za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, kwenye fuwele, jiwe angavu lenye ukubwa wa ngumi. Jiwe hilo lingeingizwa kwenye mtungi wa baridi kali kupita barafu yoyote, likae humo miaka likisubiri. Wataalamu walitafuta chembe inayopenya milima na miili yetu, na kwa nadra sana ndiyo hugusa kitu. Siku chembe hiyo ikiligonga jiwe, jiwe litapata joto dogo mno, na kipimajoto kilichogundishwa ubavuni kitalihisi. Baridi ile ni kama kunyamazisha nyumba nzima ili umsikie mtoto mchanga akigeuka kitandani. Nyaya za Bi Pumzi ndizo zingeleta habari nje.

Mkono wake haukuwahi kumwangusha. Lakini tangu mvua zilipokatika, kidole gumba kilikuwa kinacheza chenyewe, na asubuhi kikombe kilikuwa kinagonganagongana na kisahani. Alimwambia Mungu tu. Kiti kile cha kazi ndicho kilichomshikilia tangu afiwe na mume. Akikiacha, atakuwa nani?

Mchana wa kufunga mtungi, waya mmoja ukakutwa umekatika, tena wa kipimajoto chenyewe. Kidoa cha kubandikia, yaani kile kijisehemu ambacho waya hushikizwa, kilikuwa kimebakiwa na nafasi ya kujaribu mara mbili tu. Sindano ya mashine ya kubandikia ikiteleza, kipimajoto kinachanika, na kazi ya miaka inakwenda na maji.

"Mama, tunakutegemea wewe," alisema mhandisi mkuu.

Akaketi, jicho kwenye hadubini. Humo sindano ilionekana kubwa kama nguzo, na nguzo ilikuwa inatikisika. Akaondoa mkono, akajifanya anarekebisha kiti.

"Leo unasitasita kitini kama bi harusi," alinong'ona wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye Bi Pumzi mwenyewe alikuwa akimfundisha kazi.

"Nyamaza, mdomo kama redio."

Jasho likamtiririka ndani ya kofia nyeupe. Mtetemo ule mara nyingine hutulia. Ukitulia, hakuna atakayejua. Akaanza kuishusha sindano. Ikayumba, ikapita ukingo wa kipimajoto, karibu mno. Akaipandisha haraka.

Bwana wangu, nishike, alisema moyoni. Kisha akasimama.

"Mkono wangu unatetemeka. Siwezi."

Akasogea kando, akakiacha kiti wazi.

"Tangu lini?" aliuliza mhandisi.

"Tangu mvua zilipokatika."

"Na ukanyamaza, mama?"

"Niliogopa, mwanangu."

Mhandisi akajifuta uso. "Sasa nani?"

"Huyu hapa."

Wifi akaruka. "Mimi? Mimi niliyezoea kujifunzia vipande vya kutupa? Mnataka mnizike pamoja na hilo jiwe!"

"Kaa, wifi. Kama ni kuogopa, ogopa ukiwa umekaa."

Akakaa. Bi Pumzi akasimama nyuma yake, mikono ameifumbata kifuani, macho kwenye skrini iliyoonyesha kilichomo ndani ya hadubini. Sindano ikashuka. Waya ukagusa, ukakataa kushika, ukajikunja.

"Nimeua!"

"Hujaua. Utoe kwa kibanio. Taratibu. Sasa sogea kushoto, kiasi cha unene wa waya. Rudi kidogo. Hapo. Usikandamize, mashine inajua uzito wake."

Hapakuwa na nafasi nyingine baada ya ile. Wifi akaishusha tena sindano. Mashine ikalia kama mbu, ikanyamaza. Mhandisi akaunganisha mita. Namba ikapanda, ikayumba. Bi Pumzi alikuwa anasali bila maneno. Namba ikatulia.

"Umeshika," alisema mhandisi.

Wifi akaangua kilio, akacheka humohumo.

Jiwe likachukuliwa kwenda mtunguni. Mhandisi akabaki mlangoni. "Kesho uende hospitali, mama. Na kwenye kiti hicho hutakaa tena."

"Najua. Lakini huyu ukimwacha peke yake, atakutia hasara."

"Kweli kabisa!" alisema wifi, akijifuta kamasi.

Mhandisi akawatazama wote wawili, akaguna, akatoka. Bi Pumzi akavuta stuli, akaiweka ubavuni mwa kiti chake cha zamani, akaketi.

"Haya. Lete kipande cha kujifunzia. Ule waya wa kwanza ulikunjika kwa sababu gani?"