Kumjengea Kalondu Mbali na Mto

Niliondoka Machakos kwa sababu dada yangu alilia kwenye simu. Mafuriko yalipobeba nyumba yake kule Kiamaiko, Nairobi, alikuwa amenieleza yote kwa sauti kavu. Miezi ikapita, kisha akapiga tena. "Mutua, mawe nimepata. Njoo unijengee palepale." Hapo ndipo alipolia. Mimi ni fundi wa mawe. Nilifunga mwiko, kamba na pimamaji, lakini nikamwambia mke wangu kwamba sitajenga. Nilikuwa naenda kumrudisha Kalondu nyumbani.

Saa nne asubuhi nilimkuta karibu na soko la mbuzi, anakouza supu. Alikuwa amekonda. Alimwachia mwenzake sufuria, akaniteremsha hadi mtoni. Nyumba haikuwepo. Kilichobaki ni kipande cha sakafu nyekundu ya saruji ukingoni kabisa, safi kama cha nyumba inayokaliwa.

"Nani anafagia hapa?" nikauliza.

"Mimi. Kila asubuhi." Akainamisha kichwa. "Mume wangu alifia hapa, Mutua. Nikihama, nitamwacha wapi?"

Habari ya kumrudisha Machakos niliiweka kando.

Adhuhuri tulikunywa chai kwa Mama Njoki, jirani aliyekuwa akimhifadhi. Nyumba yake iko juu kidogo, nayo bado ilikuwa na alama ya matope ukutani. Aliniambia wenyeji walikuwa wamekubaliana kwamba pale ukingoni pasijengwe tena. Papandwe mianzi na nyasi za kushika udongo. Ni Kalondu peke yake aliyekataa.

"Siwezi kumlazimisha," alisema Mama Njoki. "Lakini siku ile nilimrushia leso yangu ya kujifunga, nikamvuta akiwa majini mpaka shingoni. Sitaki kuirusha tena. Nyuma ya nyumba yangu kuna banda la kuku. Ajenge hapo, kuku nitawatafutia pengine."

Kalondu aliendelea kukoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

Kesho yake nilifunga kamba kwenye ile alama ya matope, nikaivuta kwa pimamaji ikiwa sawasawa hadi kwenye mti mrefu niliousimamisha kwenye sakafu yake. Nilimwita asimame chini ya kamba. Alinyoosha mkono juu, na vidole havikuifikia. Aliitazama kamba: maji yalikuwa yamefika pale.

"Hii sakafu," aliuliza hatimaye, "inaweza kubebwa?"

Nilichukua patasi, nikakata taratibu, nikatoa kipande kizima cha upana wa mlango. Tulikipandisha mlimani sisi wawili, tukipumzika kila baada ya hatua chache.

Wiki mbili zilizofuata nilijenga pale palipokuwa banda la kuku. Msingi niliuinua kwa mawe hadi ukapita alama ya matope. Majirani walichimba mtaro pembeni, wakapanda mianzi ukingoni, na mlango tukauelekeza kwenye njia ya kupanda, si ya mtoni. Kipande chekundu nilikilaza kizingitini.

Jumamosi majirani walifanya mazoezi ya kukimbia mafuriko. Kila asiyeweza kutembea alikuwa amepangiwa mtu wake, na Kalondu alipewa Cucu Wairimu, bibi mzee asiyeona wala kuweza kutembea. Filimbi ilipolia alimbeba mgongoni.

"Polepole, msichana," Cucu alimwambia. "Nataka kufika nikiwa na meno yangu."

Dada yangu alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu msiba.

Asubuhi ya kuondoka mvua ilikuwa imenyesha kutwa kucha. Mto ulipanda, mwekundu wa udongo, ukafunika ile sakafu iliyobaki. Tulisimama nyuma ya nyumba tukitazama.

"Ningekuwa hapo nimelala," alisema Kalondu, akanishika mkono. Kisha filimbi ikalia, akaniacha bila kuniaga, akakimbia kwa Cucu Wairimu. Nilimfuata nikiwa nimebeba blanketi. Maji yaliishia kwenye mianzi michanga, na kufikia mchana yalikuwa yamerudi mtoni.

Jioni nilifika Machakos peke yangu. Mke wangu alipouliza dada yuko wapi, nilimjibu kwamba yuko nyumbani.

Miaka yote nilidhani kazi ya fundi baada ya mafuriko ni kurudisha ukuta pale ulipokuwa. Siku hizi mtu akiniita kujenga, siulizi kwanza anataka vyumba vingapi. Namwuliza maji hupita wapi, na ni nani katika nyumba hiyo asiyeweza kutembea.