Michoro ya Jua

Miaka ya tisini nilikuwa naosha wazee katika nyumba ya mapadri wastaafu huko Woluwe, Ulaya. Nilipanda basi Evere kabla hakujapambazuka na, kusema kweli, kazi yenyewe sikuipenda. Kwa padri mmoja tu nilikuwa nikiwahi kufika. Alikuwa amekaa misheni kwetu Kivu miaka mingi, kila adhuhuri akitazama jua kwa darubini na kuchora madoa yake. Baba yangu ndiye aliyekuwa akimshikia karatasi.

Mwaka mmoja padri alikwenda likizo Ulaya miezi mitatu. Alimwachia baba ufunguo na amri moja: asiruke hata siku moja bila kuchora. Kioo cheusi cha darubini, cha kukinga jicho, kikapasuka. Mtu mwenye akili zake angefunga mlango akaenda kulima. Baba akafukiza kipande cha kioo cha dirisha kwa moshi wa koroboi, akaendelea kuchora. Jicho lake la kulia halikuona tena. Sisi watoto tuliambiwa ni mapenzi ya Mungu.

Sasa baba alikuwa mzee, vita vimemsukuma hadi Bujumbura, na kila akipata simu swali lake lilikuwa hilo hilo: michoro ya miezi ile imo kwenye madaftari ya padri? Alitaka kulisikia hilo kabla hajafa. Padri naye alikuwa anakwisha.

Asubuhi moja, nikimnyoa, nilimwuliza. Akanionyesha sanduku la madaftari chini ya kitanda. Nikalifungua kwa pupa, mikono ina sabuni. Nikaupata mwaka ule wa likizo, nikaipata Juni. Mawingu. Julai, mawingu. Agosti vilevile, kwa Kifaransa na kwa mwandiko wa padri mwenyewe.

"Mon père, michoro ya baba iko wapi?"

"Nilichoma, maman," akasema, shavu moja bado lina povu. "Jua ilikuwa kazi ya padri. Wakubwa wangejua nilimuachia muntu mweusi, bon, bangekataa madaftari yote."

Nilimchukia. Wembe ulikuwa mkononi mwangu na nilimchukia, halafu nikamalizia lile shavu, kwa sababu ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Jumapili baba akapiga simu. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri, sikuutumia. Nikamwambia padri ameandika mawingu.

"Kila siku?"

"Kila siku, papa."



"Kiangazi ile," akasema, "hakukuwa na wingu hata moja."