Ua la Neema

Nilipokuwa darasa la pili, kule Sigino, mdogo wangu Neema alizaliwa njiti, na bibi mzaa baba akatoa agizo ambalo nyumba yetu haijalipona mpaka leo.

Alimtuma mama korongoni, kwenye mchanga mkavu ambako hata mbuzi hawapati kitu, akachimbe ua pori lenye shina nene na maua mekundu, alipande nyuma ya nyumba kwa jina la mtoto. Likishika, na mtoto atashika. Sharti lilikuwa moja: baada ya kulipanda aliache, jua na mchanga vilitunze.

Mama alibeba hadi mchanga wa kule kwa ndoo. Ua likashika, likachanua, na Neema akanenepa. Msimu ule mama aliimba kutwa, mpaka majirani wakamtania kwamba kwaya nzima imehamia kwetu.

Kiangazi kilipofika, ua likapukutisha majani yote. Neema naye akashikwa na homa. Mama alimpeleka zahanati, akapewa dawa, na kila jioni akawa analimwagia lile ua maji ya kisima, akilibembeleza. Simlaumu. Mama gani angeona jina la mwanawe linanyauka akakunja mikono?

Shina likalainika, likaoza. Wiki hiyohiyo Neema akafariki. Baada ya maziko bibi alisema neno moja tu: "Mama Pendo, nilikwambia uliache." Mama hakuimba tena, hata kanisani.

Pendo ni mimi. Mwaka juzi nilipanda ua kama lile kwangu Maisaka. Kiangazi likabaki kijiti kitupu, na mvua za kwanza likachipua. Nilifurahi mno. Nikamwita mama aje ajionee kwamba ua lile halikuwa linakufa, lilikuwa linapumzika tu, na kwamba Neema alichukuliwa na homa. Nilidhani namtua mzigo.

Mama alilipapasa shina kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo lilikuwa zima," akasema, "wakati nalimwagia maji."

Nilidhani imani ya bibi ni kitu ambacho mtu akielezwa vizuri kinamtoka. Siku hizi mama akija hukaa kibarazani karibu na lile ua, na maji yake ya kunywa huyaacha ndani.