Dada wa Doha na Kebo ya Kanisa

Leo nimetengeneza mtandao kanisani, na heri ningeuacha vile ulikuwa.

Tulikuwa tunamuaga mama hapa Kaloleni kabla ya kumpeleka Marungu kumzika. Dada yangu Mkawasi yuko Doha, alinyimwa ruhusa kazini.

Mimi ndiye fundi wa mitandao. Nikachomeka laptop kwa kebo ya intaneti ya kasi ya kanisa, ili afuatilie kwa video na aseme neno.

Yeye alituona vizuri. Sisi hatukumwona wala kumsikia.

Nikabadilisha kebo. Taa ya kijani inawaka. Data yake inafika kwa laptop, lakini programu ya video haipati kitu.

Simu nilikuwa nimezima, hata angenipigia nisingejua. Si ni ibada.

Kumbe firewall, ile ya kuzuia wadukuzi, ndiyo ilikuwa inaitupa hiyo data yake. Nikaizima.

Sauti yake ikatoka kwa spika zote: "Jamani, tangu saa ile nasema msifunge! Nionyesheni mama uso!"

Jeneza lilikuwa limeshapigiliwa misumari, wajomba wamelibeba, wako mlangoni. Mchungaji akaashiria waendelee.

Watu wote wakaniangalia.

Sijui nyinyi mngemjibu nini. Mimi nilishika maikrofoni nikamwambia, "Dada, sasa tunakusikia."