Majike kwa Jirani

Wivu ninao, na sioni haya kuusema. Sikumwonea jirani yangu wivu kwa nyumba yake, wala kwa wanawe waliosoma. Nilimwonea kwa ng'ombe. Wake wakizaa, majike. Wangu wakizaa, madume, na dume hata umbembeleze vipi hakupi maziwa.

Asubuhi akiniona juu ya ua wa minyaa alinisalimu, "Amashyo!", yaani uwe na makundi ya ng'ombe. Desturi inataka ujibu, "Amashongore!", yaani nawe upate majike. Majike tena, yeye! Nilijibu meno nimeyauma.

Kilima chetu kiko pembezoni mwa Kigali, ukishaipita njia panda ya Sonatubes na kuiacha lami. Nilipokuja kuolewa hapa kutoka Karagwe nilikokulia, kila nyumba ilikuwa na zizi, na mchukuzi wa maziwa alishuka na baiskeli yake imesheheni madumu, breki zinalia. Halafu yakaja maghorofa. Huyu akauza kiwanja akahamia Bugesera, yule akashindwa kununua majani yanayoletwa kwa lori, mwingine majirani wapya wakamshitaki kwa harufu ya samadi. Tukabaki wawili tu wenye ng'ombe, mimi na yeye. Wangu alikuwa mmoja, mzee, hashiki mimba tena. Zizi lile marehemu mume wangu alilijenga kwa mikono yake, nami niliapa halitafungwa nikiwa hai. Sasa lingefungwa, na huyu mwanamke abaki peke yake na maziwa yake. Jamani, roho iliniuma!

Siku moja mchukuzi akaropoka mbele yangu, "Mama, maziwa ya jirani yako ni mazito, sijaona."

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," nikamwambia, kwa sauti ya kutosha kuvuka ua.

Jioni jirani akaniletea mtindi, chombo kimejaa. Niliunywa wote nikitafuta kasoro, nisiione, nikazidi kumchukia.

Mwaka huu nikaona lori mlangoni kwake. Ng'ombe wanapakiwa! Wanawe wamempangia nyumba Remera, ghorofani, apumzike. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikajifunga kitenge vizuri, nikaenda kumuaga na uso wa msiba.

Akanishika mkono, akanipeleka zizini. Alikuwa amebaki mtamba mmoja mweusi, tumbo limeanza kuonekana.

"Dada, huyu ni wako."

"Kwa bei gani?"

"Ng'ombe wa urafiki ana bei? Zizi la marehemu mumeo lisifungwe." Kisha akacheka. "Ila maziwa yake usiyatie maji, mgema."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilimpokea yule mtamba. Ningefanyaje? Nilimtaka.

Sasa, anayejua mambo ya huku anajua nimejifunga kamba gani. Ukipewa ng'ombe, unaapa kwa aliyekupa mpaka kufa kwako. Ukitaka kuaminiwa unataja jina la mtu, unasema amenipa ng'ombe, na hakuna atakayekubishia. Mume wangu aliapa kwa baba yake. Mimi nitaapa kwa mwanamke niliyemchungulia miaka yote kwenye minyaa.

Mtamba amezaa. Jike, ulidhani nini? Wiki iliyopita mchukuzi, ambaye sasa anapanda kilima kwa ajili yangu peke yangu, aliyapima maziwa akanikodolea macho. "Mama, haya ni yako kweli? Mazito hivi?"

Nikaweka ndoo chini. Kisha nikaapa. Nikalitaja jina la jirani lote, kwamba amenipa ng'ombe, kwa sauti kubwa mpaka mafundi waliokuwa juu ya ghorofa jipya kwenye kiwanja chake wakaacha kazi kunitazama. Mchukuzi akainamisha kichwa, akamimina maziwa kwenye dumu, akaondoka.

Ng'ombe naye hana adabu. Namlisha mimi, namkamua mimi, lakini kila asubuhi anageukia kule kwa jirani na kulia. Jana nilikwenda kumgeuza. Nikajikuta nimesimama kwenye ua, mahali pangu palepale pa kuchungulia, na salamu ikanitoka yenyewe.

"Amashyo!"

Upande wa pili fundi mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye zege, akafuta jasho.

"Salama, mama," akanijibu.