Pete Nne za Mpira wa Baiskeli

Dada yangu Somoe alipiga simu dukani kwa jirani yangu, akasema uvimbe wa tumboni kwa Mama umezidi na daktari wa Lindi ameandika barua: apelekwe Dar es Salaam akapasuliwe, tena haraka. Ndiyo sababu ya safari. Ilikuwapo na sababu ya pili ambayo sikumwambia mtu. Nilikuwa nimenunua gari, na nilitaka watu wote wa Mtanda, mtaa wetu kule Lindi, walione.

Ilikuwa miaka ya ruksa, milango ya biashara imefunguliwa, kila aliyejaliwa anashusha kitu bandarini. Wengine walishusha redio na majokofu. Mimi nilishusha gari la spoti, jekundu, la milango miwili, lililokwisha kuzeekea Japani kabla halijanifikia. Lilikuwa chini mno hata mbuzi wa barabarani alikutazama usoni.

Alfajiri ya Jumatano nilitoka Dar. Hadi Kibiti mambo hayakuwa mabaya. Kutoka hapo ikawa mchanga na makorongo, gari linatetemeka mpaka meno yakaniuma. Mchana nilivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na kabla giza halijaingia nikafika Nangurukuru, nikapanga chumba kwa mtu mmoja wa Njinjo. Asubuhi alilizunguka gari, akanusa.

"Bwana, gari lako linanuka petroli."

Nilimjibu kwamba magari ya kisasa ndivyo yanavyonuka. Sijui ujinga ule niliutoa wapi.

Alhamisi alasiri niliingia Lindi. Mama alikuwa kitandani, uso umemwisha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umekuja na gari. Lako?"

"Langu, Mama."

"Alhamdulillahi." Akaomba ainuliwe alione dirishani.

Mume wa Somoe alinivuta pembeni. Alikuwa amemtafutia Mama nafasi kwenye Land Rover ya mnunuzi wa korosho, kiti cha mbele, kesho yake baada ya swala ya Ijumaa. Nilikataa. Nilimwambia Mama hawezi kusafirishwa pamoja na magunia na mwanawe ana gari. Shemeji aliitikia "Haya" kwa heshima, akarudi ndani. Leo natamani angenitukana.

Ijumaa asubuhi nilifungua boneti, mara ya kwanza tangu nitoke Dar. Injini ilikuwa imelowa petroli. Nikamwita fundi Chilumba, mzee wa Kimakonde aliyekuwa akitengeneza malori kabla sijazaliwa. Alizishika kwa vidole nozeli zote nne, zile zinazonyunyizia petroli ndani ya injini. Zote zilicheza. Kila moja hubanwa na pete ndogo ya mpira, mafundi huiita sili. Sili zangu zilikuwa zimekauka kwa uzee, na ile barabara ikazimalizia.

"Mwanangu, mimi mtu wa kabureta," alisema. "Hizi nozeli petroli inasukumwa kwa nguvu. Zina mpira wake maalumu. Tuagize Dar, basi la Jumatatu lituletee."

"Jumatatu mbali, mzee. Kata tyubu ya baiskeli."

"Tyubu na petroli havipatani."

"Mpira ni mpira, fundi!"

Kwetu neno hilo moja hubeba mpira wa kuchezea, wa kumwagilia bustani, wa tairi na wa sili. Mimi nilidhani jina likiwa moja, na kazi ni moja. Mzee alinitazama, akatazama dirisha la Mama, akachukua mkasi. Alikata pete nne, akaziingiza, akakaza. Injini ikanguruma bila kudondosha hata tone. Nilimcheka. Baada ya swala ile Land Rover iliondoka na kiti cha mbele kitupu.

Jumamosi asubuhi tulianza safari ya kurudi, Mama mbele, kiti kimelazwa, Somoe amejikunja nyuma. Tulipopita Mchinga harufu ya petroli ilianza. Mama alijifunika pua kwa kanga.

"Mama, unajisikia vibaya?"

"Hapana, mwanangu. Gari zuri. Endesha."

Mbele ya Kiranjeranje injini ilikohoa, na moshi ukatoka kwenye boneti. Tulimtoa Mama kwa kumburuta, maana hatukuwa na muda wa kumbeba. Alipiga ukelele ambao hadi leo sijaweza kuusimulia. Tukamlaza kwenye majani, gari likawaka lote, na barua ya daktari ndani yake. Fundi mmoja wa Dar alinieleza baadaye kwamba tyubu ikilowa petroli huvimba, ikalainika, ikajitoa yenyewe.

Tulikaa juani mpaka alasiri, lilipopita lori la chumvi likatufikisha hospitali ya Kilwa. Walifanya walichoweza. Jumapili adhuhuri Mama alifariki, mkono wake umeshikwa na Somoe.

Tulimrudisha Mtanda, tukamzika. Siku ya tatu ya matanga fundi Chilumba alikuja. Alivua kofia mbele ya wanaume wote waliokaa mkekani.

"Mwanangu, nimekuja kuomba radhi. Mimi ndiye niliyekata ule mpira. Mkono wangu ndio uliomuua mama yako."

Watu walinigeukia. Yaliyosemwa pale kwenye boneti tulikuwa tunayajua wawili tu, mimi na yeye, na yeye hakutaka kuyasema.

"Nimekusamehe, mzee," nikasema.

Waliitikia "Amin", na shemeji akaniambia nina moyo mkubwa. Niliona aibu, lakini sikusema ukweli.

Nilirudi Dar kwa basi, siku mbili. Kabla mwaka haujaisha Somoe aliniandikia kuwa fundi Chilumba hashiki tena spana, anashinda barazani kwake na hasemi na mtu. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kumsamehe mwenzake kwa kosa alilolitenda yeye anayesamehe, na akasifiwa. Watu wa Mtanda, mzee yule alikataa kukata ule mpira. Mimi ndiye niliyemshurutisha.