Mpira wa Sketi kwenye Mashine ya Santuri

Mume wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Nyuzi, alikuwa fundi cherehani, mtoto wa fundi suruali, mjukuu wa mshona mahema. Gauni langu la harusi alilishona mwenyewe, na mpaka leo halijaachia mshono. Gitaa tu ndilo hakurithi kwa mtu.

Mpira wa mashine yake ya santuri ulipokatika, alifunga mpira wa sketi, mashine ikazunguka. Wimbo wa jazi alioupenda kuliko zote alijifunza hapo, akilegeza nyuzi za gitaa mpaka zikalingana na santuri. Aliurudia hadi nikaujua kuliko jina langu.

Kisha bendi ya ukumbini ikatafuta mpiga gitaa. Nikampigia shati pasi, tukaenda. Mpiga saksafoni akaanza wimbo uleule, akatoka nao mbio. Nyuzi akabaki nyuma kama mkia.

"Fundi, hii ni jazi au unabembeleza mtoto?" akauliza yule wa saksafoni.

"Ndivyo santuri yangu inavyosema."

"Basi santuri yako ina usingizi, kaka."

Watu wakacheka, nafasi akapewa mwingine. Tulipofika nyumbani mume wangu alifungua mashine ya santuri, akauvuta ule mpira. Ulikuwa umelegea hoi, ndiyo maana santuri ilikuwa ikijikokota. Nikadhani ataliuza gitaa. Badala yake akamgeukia binti yetu, aliyekuwa cherehanini.

"Binti yangu, nikatie mpira mwingine, mfupi, unaobana. Baba yako anarudi darasa la kwanza."